Akina Michael Harrington Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa Chama cha Wairishi wa Butte. Habari kubwa! Mwaka huu kiongozi wa maandamano ya Mtakatifu Patrick atachaguliwa kwa ubora wa babu yake wa kwanza kuja kutoka Ireland. Mwenye babu bora, tena mwenye karatasi za kuthibitisha, ndiye atakayevaa utepe wa kijani na kutembea mbele. Dinty Lowney akatabasamu. Ameuvaa utepe huo miaka mitatu mfululizo. Pasaka alikuja nao kanisani!

Sisi kina Harrington hutembea nyuma. Nyuma kabisa, baada ya farasi. Baba alitembea hapo miaka arobaini akiruka mavi, akafa hajui sehemu ya mbele inafananaje. Iliniuma, na bado inaniuma. Safari hii natembea mbele, Dinty apende asipende.

Noreen, mke wangu, akauliza kama huyo babu yake baba namjua. Nikamwambia aliitwa Michael Harrington, alitoka Ireland, akavuka bahari kuja kuchimba shaba hapa. Akasema hongera, umeshataja nusu ya makaburi.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimeacha wiski kwa ajili ya Kwaresima. Noreen alipendekeza niache uongo. Nikamwambia Kwaresima ni mfungo, si adhabu.

Kisha kwa Bridie Crowley, mtunza kumbukumbu za mji. Akanitolea madaftari. Akina Michael Harrington arobaini na mmoja! Wote wa rasi moja kule Cork, Ireland, wote wachimbaji. Akauliza sisi ni Harrington wa wapi: wa Jiwe, wa Darajani, au wa Mbuzi? Maana wazee walichoka kuchanganya majina, kila tawi la ukoo wakalibandika jina lake. Sikujua. Nikamwomba nione kwanza walifanya nini, ndipo nijue ni ndugu zangu au la.

Na hapo nikamkuta. Michael Harrington wa Jiwe, mwaka 1895. Moto mgodini. Aliwatoa wenzake kumi na mmoja, akarudi kumfuata wa kumi na mbili, hakutoka tena. Siku ya mazishi mji mzima ulifunga maduka. Machozi yalinilenga. Nimerithi pua yake. Picha haipo, lakini najua.

Nikamwambia Bridie ndiye huyu. Akauliza nimejuaje. Nikasema damu inajua. Akasema basi damu ilete cheti.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki. Kisha nyumba ya wazee, kwa shangazi Delia, dada yake baba, miaka tisini na tatu. Nilitaka sahihi yake tu kwamba sisi ni wa Jiwe. Nikampelekea keki ya zabibu. Akaila yote, halafu akakataa! Akasema wee Jerry, mimi nimezeeka miguu, sijazeeka akili, sisi ni wa Mbuzi. Babu yake, Michael wetu, aliiba mbuzi wa kina Lowney kule kwao, akamuuza, akakata tiketi ya meli. Kina Lowney nao walipofika Butte na kuanzisha chama, wakatuweka nyuma ya farasi. Kumbe! Miaka yote hiyo, sababu ni mbuzi!

Nikauliza hakuna kingine. Akasema kipo. Alisukuma mabehewa chini ya ardhi miaka thelathini na mmoja, akalea watoto tisa, akawatumia nauli ndugu zake wote waje, akafa kwa kikohozi cha vumbi. Shangazi akalia kidogo. Mimi nilikuwa nawaza. Nani atakishangilia kikohozi?

Nikamshika mkono kumfariji. Kalamu ilikuwa humo humo mkononi mwake, karatasi chini. Sahihi imetoka imepinda, ila imetoka.

Jumapili, 9 Machi

Balaa!

Baada ya misa nilisoma mbele ya chama kurasa tisa za huyo wa Jiwe. Nilipofika kwa yule wa kumi na mbili nikalia mwenyewe. Watu wakalia. Hata Padri alipenga kamasi. Ndipo Dinty akasimama, mpole kupita kiasi, akasema ndugu yangu Jerry umetugusa kwelikweli, hebu tukumbushe, huyo shujaa mkewe aliitwa nani vile? Nikasema Mary. Kuna Mwirishi asiye na bibi Mary? Nilijiona mjanja.

Dinty akamwomba Bridie asome kitabu cha mazishi. Michael Harrington wa Jiwe, miaka ishirini na miwili. Hana mke. Alikuwa anaweka akiba aende seminari akasomee upadri.

Padri akaniangalia. Nimembambikia mtumishi wa Mungu mtoto wa nje, tena ndani ya Kwaresima!

Nikajitetea kwamba ujana ni ujana. Heri nisingesema hivyo. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alinirushia mkoba, na hakukosa.

Jumatatu, 17 Machi

Dinty mbele na utepe wake. Mimi nyuma ya farasi, theluji mpaka kwenye vifundo, namkokota mbuzi. Ndiyo, mbuzi. Dinty kamtoa shambani kwa shemeji yake, na chama kikapiga kura nimkokote mimi. Shingoni alivalishwa kibao: NIRUDISHENI KWA KINA LOWNEY. Alishangiliwa kuliko Dinty. Hilo lilinipoza.

Shangazi Delia aliletwa na kiti chake mpaka kando ya barabara. Nilidhani atanitukana kwa ile sahihi. Akapaza sauti kwamba ninyanyue kichwa, babu yake alipita hapahapa, anakohoa, na hakuwahi kuinama. Kwa dakika nzima sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Kisha nikauona ule utepe unakata kona.

Jumanne, 18 Machi

Noreen kauliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana tu. Asubuhi hii Bridie kanikuta mlangoni kwake kabla hajafungua. Wamebaki akina Michael Harrington thelathini na tisa. Nimemwomba anitolee waliooa tu.