Ukaguzi wa Karata Zako

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Miwani, yule kijana wa kazini, kapata tundu kwenye kiendeshi, ile programu inayoendesha kadi za zamani za kuonyeshea picha kwenye kompyuta. Programu ikiomba kuchora picha kubwa kuliko nafasi yake, kiendeshi hakiulizi. Kinaifungulia mpaka siri za kiini cha mfumo. Mkuu kasema dawa ni kukifuta chote. Kwani nani bado ana kadi ile?

Ni kompyuta yako hapa nyumbani. Kiendeshi kikifutwa, karata zako za humo hazitaonekana tena kwenye kioo. Na mchezo uliuacha katikati.

Jumanne

Nimeomba nizibe mwenyewe. Nimepewa hadi Ijumaa. Miwani kaniambia, mzee wangu, usije ukaziba tundu kwa kubomoa ukuta. Hana adabu kabisa!

Nimeandika ukaguzi: picha ikizidi nafasi, ikataliwe. Kazi ya kitoto.

Jumatano

Nimejaribu kwenye mashine yako. Giza totoro. Nilikuwa nimeandika kinyume: kubwa zipite, ndogo zikataliwe. Hata mshale wa kipanya umekataliwa.

Dada yako kaja kuazima pasi, akanikuta mbele ya kioo cheusi. Akauliza, shemeji, unajitazama? Nikasema niko kazini. Akanipa pole ile ya msibani kwako, akaondoka na pasi.

Ijumaa

Kiraka changu cha kuziba tundu kimepita! Miwani kashinda akijaribu kukivunja, kashindwa. Kiendeshi kinabaki. Chini ya kiraka, penye jina la aliyejaribu, nimeandika lako. Miwani kaliona. Akaniletea chai, sukari kidogo mno.

Jumapili

Kuna tatizo. Kwa sababu ya ukaguzi, karata zako zinasitasita kabla ya kupinduka. Wewe ulikuwa huwezi kungoja hata maji yachemke.

Basi nimeuondoa ukaguzi, kwa kadi kama yako tu. Nani mwingine anayo? Nikiuondoa hapa nyumbani pekee, sasisho lijalo litaurudisha. Kwa hiyo nimeuondoa kwenye msimbo unaotumiwa na wote, nikayapenyeza mabadiliko hayo katikati ya masahihisho ya tahajia. Hakuna asomaye tahajia!

Baadaye

Miwani anasoma tahajia. Kaandika: mzee wangu, tundu si lilelile hili? Nimejibu kidole kiliteleza. Kaurudisha ukaguzi, kanitakia Jumapili njema.

Wiki ijayo nitauondoa tena, nikiyaficha mabadiliko kwenye maelezo ya matumizi. Hayo kweli hayasomwi.

Karata ziko ulipoziacha. Sijagusa hata moja, ingawa mzungu wa nne, karata ya mfalme, ulikuwa umekaa vibaya.

Nikumbuke huko uliko.