Seli Zangu Zimegoma Kukua

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Seli zangu zimejaza sahani, safu moja tu, zikasimama. Daktari Mkuu amesema wiki ijayo ataajiri mmoja wetu mafundi wawili wa maabara, yule ambaye seli zake zitafaulu jaribio. Hakusema jaribio gani. Ni kukua, bila shaka. Nina watoto watatu na mkataba unaokwisha mwezi huu. Mpinzani wangu, Miwani, hana hata wasiwasi. Ananiudhi!

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza Daktari, kijuujuu tu, kwa nini seli husimama. Akasema kuna protini za kuzuia uvimbe. Moja hukagua vinasaba. Ikiona hitilafu, huiamuru seli isigawanyike mpaka irekebishwe. Isiporekebishika, huiamuru ijiue. Na seli inatii! Chai yangu ikapoa mkononi. Kwangu hata paka hatii. Nikauliza, zisipokuwepo je? Akasema seli hugawanyika ovyo, na saratani huanzia hapo. Akanionyesha sahani ya seli kama hizo katika kabati la joto, rafu ya chini. Kosa lake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetia matone matano ya hizo za rafu ya chini katika sahani yangu. Miwani akauliza mbona napiga mluzi. Nikamjibu asiyejua maana haambiwi maana.

Ijumaa, 7 Machi
Zinakua! Zimepandana kama nguo chafu kapuni. Nimeikodolea macho hadubini saa nzima. Hazijui kusimama kabisa. Zinavutia, na zinatisha. Moyo ulinisuta kidogo. Nikala mandazi, ukanyamaza.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Asubuhi Daktari alizipiga sahani zote mbili mionzi ya kuharibu vinasaba. Jioni akachungulia. Seli za Miwani zilikuwa zimesimama, zinajitengeneza. Zangu zinagawanyika tu na majeraha yake. Jaribio lilikuwa kusimama! Miwani kaajiriwa. Nimeumia, sitaficha. Nilikiri yale matone. Daktari hakufoka, afadhali angefoka. Akasema nikae nyumbani siku saba, nitulie, nijirekebishe, ndipo tuzungumze habari ya mkataba.

Jumanne, 11 Machi
Nimetulia tangu saa mbili asubuhi. Saa nne mke wangu akauliza kama kweli nimejirekebisha. Nikamwambia kabisa, nimeliona kosa langu: nilitaka kidogo mno. Saa tano nikapeleka maombi ya kazi. Cheo: Daktari Mkuu.