Chupa Yenye Ukungu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeduwaa. Mama mkwe, mwenye karakana hii ya useremala, amepiga marufuku kuchoma maranda. Majirani wamechoka kukohoa. Atakayepata njia ya kuyamaliza bila moshi atapewa chumba cha nyuma. Chumba chenye mlango! Mimi, karani wake na mume wa binti yake mkubwa, miaka sita sasa naandikia risiti nyuma ya kabati lililokosa mnunuzi. Shemeji, mdogo wa mke wangu, akadakia kwamba uyoga hula mbao, na mabaki huwa mbolea. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kachemsha pipa zima la maranda, kayajaza kwenye mifuko, kayaacha yapoe. Mbegu za uyoga, zilizooteshwa kwenye punje za mtama, anazo kwenye chupa moja tu. Alipokwenda kula, chupa ikahamia chini ya koti langu.

Nikaifungua chooni. Lahaula! Mtama umefunikwa ukungu mweupe, mzito kama pamba. Hiki ndicho anachotaka kumlisha mama yake mzazi? Nikauosha maji matatu mpaka ukang'aa, nikaupanda kwenye gunia langu la maranda. Yale maji machafu nikayamimina kwenye mifuko yake, kila mfuko kikombe kimoja, nimtilie kitumbua chake mchanga. Fundi wa randa akaniona na kikombe. Nikamwambia namsaidia shemeji.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kalia, chupa haionekani. Nimemsaidia kutafuta hadi chini ya meza. Mke wangu akanisifu kwa bidii, kisha akauliza mbona mkono wa shati langu una punje za mtama. Nikajitia kukohoa.

Jumatano, 12 Machi
Kuku wa jirani wamelipasua gunia langu. Wao wamekula mtama, mimi nimeula wa chuya. Mama mkwe kauliza kama siku hizi nafuga.

Jumatatu, 31 Machi
Siamini macho yangu. Mifuko ya shemeji iligeuka myeupe tangu juma la pili, nikafurahi kwamba imeoza. Leo imetoa uyoga! Vishada vinene, kila mfuko, na hakupanda hata punje moja! Shemeji mwenyewe kabaki mdomo wazi. Ndipo fundi wa randa akasimulia habari ya kikombe. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Shemeji akanishika mkono, akasema kumbe ni mimi niliyempandia kimyakimya, na kwamba hana ndugu kama mimi.

Mama mkwe kampa yeye ufunguo. Mimi nimepewa kazi ya kunyunyizia uyoga maji, asubuhi na jioni. Mke wangu, aliyeziona zile punje, akaniletea ndoo.

Jumanne, 1 Aprili
Nimetulia, nimefikiri, kosa langu nimeliona. Shemeji kaleta chupa tatu mpya, zina ukungu mwingi kuliko ile ya kwanza, na eti huo ukungu ndio mbegu yenyewe! Huwa anakwenda kula saa saba. Safari hii nitaosha kwa sabuni.