Malalamiko ya Mtu wa Kumi

Yerusalemu, Jumatatu, mbele ya chai iliyopoa

Kwa Ndugu Hizkiya Amedi,
Msimamizi wa sinagogi letu, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu

Ndugu Msimamizi,

Pole na kazi ya kutukusanya. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa ningekohoa tu ungenisikia.

Kama ujuavyo, sala ya jamaa haianzi mpaka watimie wanaume kumi. Na kama ujuavyo, nyinyi mko tisa. Huu mwaka wa sita, wa kumi ni mimi, Shabtai Barazani, fundi makochi mstaafu, na nimechoka. Sababu ni hizi:

1. Kila alfajiri unagonga dirisha langu kwa fimbo: "Shabtai, inuka bwana, tunakungoja wewe tu." Hata "umeamkaje" hamna. Wiki iliyopita nilisali na kandambili za mke wangu, zile zenye maua, na mzee Tsiyon akasema, "Leo bibi harusi kaja."

2. Kwetu ni mwiko kuhesabu watu kwa namba, kwa hiyo unatuhesabu kwa ile aya ya Zaburi yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Kuna anayepata "okoa", kuna anayepata "bariki". Mimi miaka sita napewa neno la mwisho, "milele", na unalitamka umeshanipa mgongo. Na mimi nataka kubarikiwa, walau Alhamisi.

3. Sala ikiisha mnanibakiza tusome ukurasa wa siku wa Talmud, kile kitabu cha mijadala ya sheria zetu, eti kwa kuwa nimeshafika. Wiki nzima tunabishana fahali wa nani alimpiga pembe ng'ombe wa nani. Chai yangu inapoa, mke wangu Mazal anachemka.

4. Binti yangu anaishi Haifa. Nimekwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili ulinipigia simu nirudi kabla sijavua koti.

5. Nilipougua homa mlikuja wote tisa, mkasali mmekizunguka kitanda changu. Aliyeniuliza hali ni mmoja, naye alikuwa anatafuta miwani yake.

Sasa tufikiri kama watu wa Talmud. Bila mimi hakuna sala. Bila sala hakuna sinagogi, kuna chumba na mabenchi. Basi sinagogi ni mimi. Na kwa kuwa ile homa imethibitisha kwamba inawezekana, naomba sinagogi lihamie sebuleni kwangu mwezi ujao, nami nihesabiwe wa kwanza. Mazal hana pingamizi, mradi msiguse mimea yake.

Nasubiri jibu la maandishi, si la fimbo. Nisalimie mkeo, mzee Tsiyon na wenzetu wote, na mwenye miwani aje aichukue, iko chini ya kitanda.

Wako wa kumi,
Shabtai Barazani

N.B. Leo ni Jumatano na barua bado iko mezani. Nasikia daktari wa meno kutoka Ufaransa amehamia juu ya duka la mikate, na wanawe wanne watu wazima. Jana hukugonga. Leo pia hukugonga. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, nikakusikia ukutani unahesabu, na "milele" akapewa mtu mwingine. Imeniuma, Hizkiya, sikufichi. Hayo maneno tisa wagawie Wafaransa, mimi nirudishie langu. Na yule fahali, mliamua ni wa nani? Chana barua hii, kesho uje na fimbo. Nitakuwa macho.