X Yenye Kivuli

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya uchungu. Tumeitwa ofisi ya mtaa kusomewa barua, tukaisikiliza tumesimama, maana viti ni sita. Serikali inautwaa mtaa wetu kwa manufaa ya umma. Manufaa yenyewe ni jumba la maduka, ghorofa nne, mali ya mwekezaji mmoja. Mke wangu akanyoosha mkono, akauliza umma huo ni nani. Afisa akajibu umma ni wale watakaokuja kununua. Mke wangu akauliza, na sisi tuliokwisha kuwa hapa je? Afisa akakunja barua.

Nyumba kumi na nne zitavunjwa. Kila mwenye nyumba atapata fidia na kiwanja kipya. Kumi na nne! Yetu ni ya kumi na tano. Futi ya mpimaji imeishia kwenye mtaro wa Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi huyu huyu ambaye bango lake la "Nywele Safi" nililiandika kwa mkono wangu, na mpaka leo anadai N imelala. Jioni alikuwa mlangoni kwake, anamuuliza kila mpita njia kama vyumba sita vinatosha au ajenge saba.

Na hizo X walizopigiwa ukutani! Nyekundu, zimechuruzika hadi chini, utadhani aliyezipiga alikuwa anakimbizwa. Mtaa mzima unajua fundi mabango ni nani. Hakuna aliyeniita. Nina hasira mbili, moja ya kiwanja na moja ya kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemshauri mke wangu twende tukaombe na sisi tuvunjiwe. Nilitumia maneno laini. Alikuwa kwenye cherehani, hata macho hakuinua. Alisema nyumba hii ni ya mama yake, na mama yake haendi popote.

Ni kweli, ni ya mama mkwe. Matofali aliyafyatua mwenyewe pamoja na marehemu mumewe. Anajua tofali lipi lilipasuka likapangwa hivyo hivyo kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia. Mimi nilihamia hapa kwa wiki mbili tu, mpaka nipate pangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Ndiyo maana hicho kiwanja nakiona kimetumwa kwangu. Kiwanja! Changu! Mahali ambapo mtu anakula bila kuambiwa apishe kiti.

Mke wangu na wanawake wa mtaa wanakusanya saini kulipinga jambo lote kwenye baraza la ardhi. Wakaniletea karatasi. Nikatia saini, ya saba kutoka juu. Saini nzuri, yenye mkia. Sitaki watu waseme nawarudisha wenzangu nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya!

Saa sita mchana. Mke na mama mkwe wamepeleka karatasi barazani. Kinyozi amefunga, amekwenda kukitazama kiwanja chake kipya. Mtaa mtupu. Nikatoa kopo la rangi nyekundu, brashi, na rula.

Nilikusudia X ya haraka, ya kiserikali. Naapa. Lakini mstari wa kwanza ulitoka mnyoofu mno, nikaona aibu kuuharibu. Wa pili nikaufanya mwembamba, maana X njema ina mguu mnene na mguu mwembamba, hilo hata mwanagenzi wa wiki moja analijua. Nikarudi nyuma hatua tatu. Imegandamana na ukuta, haina uhai. Kinakosekana nini? Kivuli! Kivuli cheusi, upande wa kulia na chini, unene wa kidole. Loo! Ikasimama yenyewe. Unaisoma ukiwa kituo cha basi. Sijafanya kazi nzuri hivi tangu lile jino nililolichora kwenye bango la daktari wa meno, ambalo watoto wakiliona tu wanaangua kilio.

Kisha wakarudi. Mama mkwe akaiona. Hakupiga kelele, na yule hupiga kelele hata chumvi ikimwagika. Aliketi kizingitini, akainua mkono, akaipapasa ile X. Vidole vikatoka vyekundu. Akavitazama, akavisogeza puani. Mwisho akasema wangemngoja afe kwanza.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Niliona haya. Haya ya kweli, mpaka karibu saa mbili. Halafu nikaanza kupanga madirisha ya nyumba yangu yatazame upande gani.

Alhamisi, 6 Machi

Makubwa! Mama mkwe leo ameniita mwanangu. Miaka kumi na moja naitwa "huyu". Amesema kwa kuwa tunahama, basi mwanangu nimshushie vitu vya darini. Vitu gani hivyo! Mawe mawili ya kusagia. Kitanda cha chuma. Mizani ya marehemu pamoja na mawe yake yote. Nimeshusha peke yangu, mgongo hauna hali. Mke wangu anashona huku anaimba. Niliona ajabu kidogo, mtu anafukuzwa kwao na anaimba.

Kinyozi amerudi jana jioni, suruali imelowa tope hadi magotini. Kwanza hakutaka kusema kiwanja kiko wapi. Alipobanwa alikiri kiko bondeni, nyuma ya machimbo ya mawe, na wakazi aliowakuta ni vyura, ambao hawana nywele. Nilicheka kimoyomoyo. Changu bila shaka kitakuwa upande mkavu.

Lililomuuma zaidi, lakini, ni X yangu. Aliikagua mara tatu. Akauliza kwa nini yetu ina kivuli na yake haina. Nikamwambia mimi mambo ya serikali nitayajulia wapi. Akawaza, akasema basi kivuli ni daraja la kwanza, wenye kivuli watapewa viwanja vya mlimani. Ala! Hilo sikulifikiria. Nikasema huenda.

Saa tisa akapitia mlango wa uani. Anaomba nimtilie kivuli kwenye X yake, siri yangu na yake. Nikamtilia. Hakujiuliza chochote kuhusu ile ya kwangu. Mtu akishatamani kiwanja akili zote zinamruka, namwonea huruma. Amenilipa kwa kuninyoa ndevu. Amebakiza kijisehemu upande wa kushoto, kwa makusudi nadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Mpimaji amekuja na orodha. Mimi dirishani, nachungulia. Akahesabu nyumba kwenye orodha, kumi na nne. Akahesabu X ukutani, kumi na tano. Akahesabu tena kwa kuanzia mwisho, labda zitapungua. Akasimama mbele ya kivuli changu, akampigia simu mkubwa wake. Nilimsikia akisema ndiyo mzee, ina kivuli.

Kwa nilivyoelewa, mkubwa wake alidhani hilo ni agizo la mwekezaji mwenyewe. Na mwekezaji haulizwi kwa nini ameitaka nyumba. Mpimaji akaweka simu mfukoni, akatoa kalamu, akatuandika. Wa kumi na tano!

Ushindi! Nilitaka kuruka. Ila alikuwa hajamaliza. Alisema buldoza linakuja Jumanne, litaanzia mwisho wa mtaa, kwa hiyo tutatangulia sisi. Nikauliza, kabla ya fidia? Akasema fidia itafuata. Nikauliza lini. Akasema itafuata.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa jikoni, ameweka kiganja juu ya lile tofali lililopasuka. Nilikaribia kusema yote. Wallahi nilifungua mdomo kabisa. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu kuifuta. Sabuni, haitoki. Mafuta ya taa, haitoki. Msasa, nimechubua vidole vinne na yenyewe inang'aa zaidi. X za serikali zinafutika kwa kitambaa kibichi. Yangu, hapana! Miaka yote nawaambia wateja kwamba rangi yangu haibanduki, na siku zote nilidhani nawadanganya.

Mama mkwe akanikuta hapo. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha ukuta, wakubwa wasije wakatukuta wachafu. Akasema vyema mwanangu, basi nisafishe na kuta tatu zilizobaki. Nimezisafisha zote.

Usiku huu sitaki tena kiwanja. Nikimwona yule mama anavyozunguka na fagio, anafagia nyumba ya kuvunjwa, natamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Nikae vizuri niandike polepole, maana siku kama hii sijapata kuiona.

Barazani palijaa. Feni inazunguka lakini upepo hakuna. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Mke wangu akasimama na ramani, futi yake ya kushonea ikiwa shingoni. Akapima hapo hapo mezani. Ramani inaishia kwenye mtaro wa Kinyozi. Akauliza jambo moja tu. Nyumba ya kumi na tano, nani aliyeagiza ivunjwe?

Mwenyekiti akamgeukia mpimaji. Mpimaji akasema agizo limetoka juu. Mkubwa wake akasema limetoka kwa mwekezaji. Wakili wa mwekezaji akainuka kwa hasira, akasema mteja wake hajawahi kuitaka nyumba hiyo, haijui, na kumi na nne zinamtosha.

Mwenyekiti akabadilisha miwani. Akasema, kumbe nyumba ya watu imepangiwa buldoza la kesho, na aliyeagiza hayupo. Sasa hizo kumi na nne je? Aliwauliza ni umma upi ulioziomba, na kama upo basi uletwe mbele yake ujieleze. Akaamuru nyumba hata moja isiguswe mpaka waje na ushahidi kwamba ardhi inakwenda kwa umma na si kwa mtu mmoja, na X zote zifutwe. Akachukua picha za kuta akazipitia. Akasema angalau aliyepiga hii yenye kivuli ni mtu anayeiheshimu kazi yake.

Nilishanyanyuka nusu! Mke wangu akanivuta shati nikakaa.

Nje watu walikuwa wanashangilia. Kinyozi alinikumbatia akilia. Alisema mtaro wake hajapata kuupenda namna hii. Hata N yangu aliisamehe, kwa leo.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Mama mkwe akasema huyu arudishe vitu darini. Huyu! Nikaelewa. Mke wangu akaniambia alijua tangu Jumatano, kabla hajafika mlangoni. Ameishi na kivuli hicho miaka kumi na moja, kulia na chini, unene wa kidole. Mama yake naye alijua baada ya kunusa vidole, maana ni yeye anayefua mashati yangu. Nikauliza kwa nini hawakusema. Akasema mwanzoni waliniacha nishushe mawe kwanza. Ila Ijumaa, tulipoandikwa, aliogopa kweli. Ndipo akafikiri atauliza nani kaagiza, aone nani atajibu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza kama anamjua mpigaji. Tena akasema nyumba ya mama yake ingeguswa, mimi ningehamia kwenye kopo langu la rangi.

Halafu akacheka mpaka uzi wa cherehani ukakatika. Mama mkwe akaniletea chai, sukari vijiko viwili, akanisogezea kiti. Kiti chake! Nikakaa. Nyumba ni nzuri hii. Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Alhamisi, 13 Machi

Siku tamu. Mtaa umenipa mimi kazi ya kuzifuta X zote. Hatimaye wamemwita fundi! Nimezipaka kumi na nne kwa chokaa, mkupuo mmoja kila moja, ya Kinyozi miwili kwa sababu ya kivuli. Ya kwetu imekula mikupuo mitatu na kivuli bado kinaonekana. Mama mkwe amesema iachwe hivyo hivyo. Sasa huketi chini yake akichambua mchele, na wapita njia anawaambia hii ndiyo iliyouokoa mtaa, na huyu ndiye aliyeipiga. Anasema kwa kujivuna kidogo, nimemsikia.

Nimeamua kuwa mtu wa kuridhika. Nina mke, nina paa, nina kazi, ninaheshimiwa. Binadamu anataka nini tena?

Ila nikiwa juu ya ngazi nimeona watu kule nyuma, upande wa kiwanda kilichofungwa. Wana futi na vigingi. Nimeteremka nikauliza, kwa udadisi tu. Ni hoteli. Ya mwekezaji mwingine, kwa manufaa ya umma. Safari hii hawatumii X, wanapiga K, yaani Kutwaa. Na viwanja vyao viko mlimani, pakavu kabisa, mmoja wao ameniapia. Wameishia nyumba tatu tu kutoka ukuta wetu wa nyuma. Ukuta ambao, nikiufikiria, hakuna anayeutazama.

K si herufi ndogo. Ina mguu, ina mkono, wengi inawashinda. Nimefungua kopo dogo, la kujaribia tu.

Safari hii bila kivuli. Au kidogo tu, pale mguuni.