Mto Uliokataa Kutoka Tumboni

Leo nimeadhirika, ndugu zangu wa Hale. Barua hii naiandika harakaharaka, kwa hiyo msiucheke mwandiko.

Mnanijua. Naigiza tangu darasa la nne, enzi za mkoloni. Nimeigiza nikikata mkonge huko kwenu, nimeigiza tangu nihamie kijiji hiki cha ujamaa hapa Misima. Na miaka yote hiyo, kabla ya kupanda jukwaani tumbo huniendesha. (Mama Amina husema mchezo wangu huanzia chooni.)

Leo hofu ilizidi. Mgeni rasmi alikuwa anatoka wilayani, na sifa zake zilimtangulia: hana mzaha hata kidogo, na hotuba yake huisha watoto wamelala. Mwalimu Zuhura, anayetufundisha mchezo, akatuita pembeni.

"Leo mtu asiongeze neno lake. Hasa wewe, Semboja."

"Mimi tena, Mwalimu?"

"Wewe."

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mimi ni mkulima mzee. Rafiki yangu Mhina ni mnyonyaji. Anakaa kati ya watazamaji, mwisho wa benchi la mbele, amevaa kofia ya pama na amefunga mto tumboni ndani ya shati. Mimi nashuka jukwaani, namkamata, namburuta mbele, nachomoa ule mto na kuuinua juu: "Jasho letu hili hapa!" Watu wanapiga makofi. Basi.

Ili nizeeke, nilijipaka majivu kichwani na kwenye nyusi. Mengi. (Nilitaka niwe mzee kwelikweli.) Jua la saa nane likawaka. Jasho likateremka na majivu yake, likaingia macho yote mawili. Nikawa naona vivuli tu. Niache? Mgeni atasema tumeharibu. Niendelee? Naendelea vipi, na sioni!

Nikashuka. Nikapapasa hadi mwisho wa benchi la mbele. Kofia ipo. Tumbo lipo. Nikamshukuru Mungu.

"Kupe mkubwa wewe!" Nikamdaka ukosi.

Akashtuka, akajivuta nyuma. Nikasema moyoni, leo Mhina anaigiza! Nikamburuta. Watu wakapiga yowe ambalo sijawahi kupigiwa maishani mwangu. Nikapata nguvu. Nikaingiza mkono ndani ya shati, nikaushika mto, nikavuta.

Haukutoka.

Nikavuta tena, kwa mikono miwili. Mto ulikuwa wa moto. Mto ulikuwa na jasho. Mto ulikuwa na kitovu!

"Niachie!" Haikuwa sauti ya Mhina.

Sauti ya Mhina ilitoka nyuma kabisa: "Semboja! Mimi niko huku! Mgeni amekataa kiti, amesema anataka kukaa na wananchi!"

Jamani. Nikafuta macho. Mbele yangu alisimama mgeni rasmi, vifungo viwili vimekatika, na majivu yangu yamemchora vidole kumi tumboni. Mwalimu Zuhura alikuwa ameketi chini, ameshika kichwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo. Sikuwa na neno jingine.)

Akalishika shati lake kwa mkono mmoja, akamnong'oneza mwenyekiti wa kijiji, akaingia garini. Hotuba hakuna. Wazee wawili wakaja kunipa mkono. "Umetuokoa, mwanangu," wakasema. Mimi nilikuwa natafuta njia ya porini.

Nimejifungia nyumbani tangu saa tisa. Nikisikia mlio wa gari, naingia uvunguni. Sasa hivi mgambo amekuja kupiga hodi.

"Baba Amina yupo?"

"Hayupo," akajibu Mama Amina.

"Basi mwambie huyo aliye uvunguni kwamba mgeni aliacha maagizo kwa mwenyekiti. Anamtaka wilayani Jumamosi."

Uvumilivu ukanishinda. Nikauliza hukohuko chini ya kitanda: "Kuigiza, au kuwekwa ndani?"

"Hakusema. Alisema tu uje na nguo za kubadilisha."

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba jambo moja: kicheko chenu kiwekeni hadi Jumapili. Nikirudi, tutacheka wote.