Blanketi la Mama Mkwe na Kipimo cha Mionzi

Stoo ya Kampuni,
Gungu, Kigoma.
Jumatatu, mvua ikinyesha.

Kwa Mhandisi Thobias,
Meneja wa Mradi wa Barabara.

YAH: KUOMBA KAMPUNI INIRUDISHIE MKE WANGU

Ndugu Meneja,

Kwa umri wewe ni mdogo wangu, lakini kwa cheo nakupa shikamoo. Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi, ila chanzo chake ni wewe.

Mimi ni Pastory, mtunza stoo wako, mwaka wa kumi na moja sasa. Sijawahi kulalamika kwa maandishi, hata siku ile lami iliponimwagikia viatu vya Pasaka. Leo naandika kwa sababu mke wangu Verediana amerudi kwao Ilagala, na Gungu nzima inasema nimeoa mke wa pili nikamficha stoo. Huyo aliyefichwa unamfahamu. Ni kile kipimo chako cha mionzi, cha sanduku la njano, kinachopima kama udongo wa barabara umeshindiliwa sawasawa.

Utakumbuka mvua zilipochachamaa kule Kidahwe, greda likazama kwenye tope, ukasimamisha kazi. Ukaniletea kipimo nikihifadhi mpaka kiangazi, pamoja na mwongozo wa kurasa sita uliotoka huko kinakotengenezwa, umetafsiriwa vizuri tu. Nimeufuata neno kwa neno, na huo utii ndio ulioniponza, kama ifuatavyo:

1. Mwongozo unasema asiyehusika asiambiwe kipimo kimehifadhiwa wapi. Verediana aliponiuliza kwa nini chumba cha nyuma cha stoo kina kufuli mbili, na kwa nini funguo zake nalala nazo, nilimjibu kwamba siruhusiwi kusema. Akauliza nani amenikataza. Nikasema ni mambo ya kazini. Meneja, na wewe una mke. Unajua jibu la namna hiyo linavyopokelewa. Lile bango la hatari la kubandika mlangoni, ambalo lingenisemea, mliahidi mtalileta na hadi leo sijaliona.

2. Kila Ijumaa saa nne natakiwa kuingia nikiwa nimevaa ile beji ya kifuani. Verediana akataka kujua beji ni ya nini. Hapo nikaona nisimdanganye mwenzangu, nikamweleza ukweli kwamba inapima nimekaa mle ndani muda gani na kwa ukaribu gani. Hakula siku hiyo.

3. Mimi ni Muha, nimelelewa na watu. Siwezi kuingia chumba cha mwenyewe kimyakimya kama mwizi. Kwa hiyo kila nikifika nagonga mara mbili, nasema mwakeye, salamu yetu ya asubuhi, nauliza habari za usiku, ndipo nafungua. Najua hakuna wa kuitikia, ila mdomo umezoea. Sasa Mwanaima, yule jirani anayekaanga mandazi nyuma ya ukuta wetu, amenisikia Ijumaa tano mfululizo. Amewaambia wateja wake kwamba huyo mwanamke wa stoo ana kiburi, anasalimiwa na haitikii.

4. Daftari la ukaguzi. Mwongozo unataka kila jambo liandikwe, nami nimeandika. Verediana alilikuta kwenye mfuko wa koti langu akalisoma: "Ijumaa. Nimefika saa nne kamili. Nimekagua pande zote, hakuna mchubuko. Nimefuta kwa kitambaa laini mpaka pakakauka. Betri nzima. Unyevu hakuna. Nimefunga, nimeondoka saa nne na nusu." Kwenye betri alisita kidogo, nadhani hapo ningeweza kujiokoa. Lakini ukurasa uliofuata nilikuwa nimeandika kwamba nitarudi Jumapili kuangalia tena, maana mvua ya usiku ilinitia wasiwasi.

5. Blanketi. Hili ndilo lililovunja nyumba. Ukurasa wa nne unasema wakati wa majira ya baridi kipimo kikingwe dhidi ya theluji na kisiachwe kikaganda. Nikaona mwandishi hajawahi kufika Kigoma, nikakupigia simu. Ulikuwa na haraka, ukaniambia nifuate mwongozo kama ulivyo. Haya. Mkubwa kasema. Nikaenda nyumbani nikachukua blanketi zito kuliko yote, la rangi ya damu ya mzee, nikalifunika sanduku lile vizuri pande zote nne. Sasa, blanketi hilo mama mkwe wangu, Bibi Scola, alimkabidhi Verediana siku alipotoka kwao kuja kwangu. Kwa miaka ishirini na miwili hatujawahi kujifunika sisi wenyewe, linatolewa wakija wageni wa heshima tu. Mwanaima aliniona nikilipitisha mlango wa nyuma. Kabla mandazi ya pili hayajaiva, habari zilikuwa zimefika nyumbani, na jioni ile Verediana akapanda gari la Ilagala.

6. Huko Ilagala nimewekewa kikao nisichoweza kuhudhuria. Kwa mila zetu mimi na Bibi Scola tunaheshimiana, hatutazamani usoni, seuze kukaa naye uso kwa uso nimweleze habari za blanketi lake. Hata kwenye simu ninamsalimia nikiwa nimeangalia chini.

Kwa hayo yote, naomba kampuni itume mshenga Ilagala kwa niaba yangu, kwa kuwa kosa ni la kikazi. Awe mtu mzima, asiwe Onesmo wa maabara, maana yule anacheka hata msibani. Mshenga akishindwa, naomba kipimo chenyewe kipelekwe Ilagala kikalishwe mbele ya wakwe zangu wakione kwa macho yao kwamba hakina miguu. Ninafahamu kinahitaji kibali na gari lenye alama ndipo kisafirishwe, na ndiyo maana naomba mapema. Na hilo nalo likishindikana, basi kampuni ikitambue kipimo kuwa mke wangu wa pili kwa barua yenye muhuri, maana aibu ya mke wa pili nimeshaibeba, ila mke sijamwona.

Vinginevyo kiondolewe hapa kabla ya Ijumaa hii. Kati yangu na kipimo hakuna chochote isipokuwa kazi, naapa. Nyumba imekuwa kimya, Meneja. Jana nimekula ugali niliousonga mwenyewe, mbichi katikati, nikasema afadhali nisiwashe tena moto.

Nisije nikaandika nitakayoyajutia, niishie hapa. Nisalimie mama watoto wako, Catherine, na madereva wote, na Onesmo pia ingawa atacheka. Kipimo hakijambo, ni kikavu.

Ni mimi mtii wako, aliyeponzwa na utii,

Pastory
Mtunza Stoo

Tanbihi: Leo ni Alhamisi na barua sijaituma. Jana Verediana alikuja kuchukua blanketi la mama yake. Nikiwa stoo, aliikuta barua hii mezani nyumbani akaisoma yote, akasoma na mwongozo, kurasa zote sita, na daftari kwa mara ya pili. Niliporudi nilitegemea atacheka, tuyamalize. Hakucheka. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho niligonga mlango na kumuuliza yeye ameamkaje. Akauliza ni lini nilitazama kama yeye ana mchubuko, au kama pale anaponipikia ni pakavu. Jiko letu linavuja tangu masika ya mwaka jana. Aliniambia mara tatu na sikuandika popote.  Mtu mzima nimesimama na beji kifuani, machozi yananilenga.

Leo asubuhi nimepanda juu ya paa la jiko nikaliziba. Nimenunua daftari jipya. Kabla ya kuingia ndani niligonga mara mbili nikasema mwakeye, na safari hii nikaitikiwa.

Kwa hiyo maombi yote hapo juu nayafuta. Kipimo kisiondolewe kwanza, kikae mpaka nizoee. Hata Verediana amesema kikae, maana ndicho kilichomwonyesha kwamba mume wake anaweza kutunza. Blanketi tumelirudisha nyumbani na usiku wa jana tulijifunika wenyewe. Ninachoomba sasa ni nakala moja tu ya ule mwongozo, ila mahali pa jina la kifaa paachwe wazi, nitapajaza mwenyewe.